Siku Nilipompima Sefu kwa Kijiti

Juzi nilimpiga mjukuu wangu mkononi, kalamu yake ikaruka ikaenda kuingia chini ya kabati. Rehema ni msichana mkubwa, anasoma chuo cha sanaa hapa hapa Bagamoyo, wala hakuwa amenikosea adabu. Alikuja na karatasi yake, akaniamkia, akaniomba niendelee tu kuchambua mchele kama nilivyokuwa, kwa sababu mwalimu wao amewatuma wachore mtu wa nyumbani. Nikasema haya, nikarudi kwenye ungo wangu. Nilipoinua macho nikamwona amenyoosha mkono wote mbele yangu, ameishika kalamu wima, jicho moja amelifumba, na kidole gumba kinapanda na kushuka juu ya kalamu akinipima toka utosi hadi kidevu. Sikufikiri. Mkono ulitangulia.

"Bibi, nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Okota kalamu yako."

Nilikuwa na hasira, lakini hasira hiyo haikuwa yake. Ina wenyewe, na karibu wote wako makaburini sasa. Najua tumefundishwa kuwa marehemu hasemwi ila kwa mema. Mimi nimewasema kwa mema miaka mingi, kwenye hitima zao nimekaa na nimeitikia amin. Leo nitawasema kama walivyokuwa.

Nyinyi wa rika langu mnaikumbuka shule ya wasichana ilivyokuwa baada ya Vita Kuu ya Pili, sukari ikinunuliwa kwa kibali na sare ikirithiwa kutoka kwa dada mpaka iote viraka. Somo la kuchora lilikuwa la kupumzisha walimu. Mwalimu alichora chungwa ubaoni, duara na jani lake moja, nasi tukanakili duara na jani lake moja, aliyepata duara zuri akapigiwa makofi. Kisha akaja Mwalimu Salma kutoka Tanga, kijana, mwembamba, anatembea kama aliyechelewa mahali. Siku ya kwanza hakugusa ubao. Alitoa kata ya kuchotea maji, akaiweka juu ya meza, akasema, "Chora."

Sote tukachora kata: duara, na mpini wake. Akapita akizitazama, kila karatasi akaigeuza chini. Karatasi zenyewe zilikuwa za kahawia, za kufungia sukari, tuliziomba kwenye duka la Mhindi ambako baba yangu alikuwa na cherehani yake barazani. Kalamu zetu zilikuwa mkaa wa kifuu.

"Hii ni kata mnayoijua," akasema. "Mimi nataka kata mnayoiona. Mwanaidi, hapo ulipokaa, mdomo wa kata ni duara?"

Nikatazama. Haukuwa duara. Ulikuwa mwembamba, umebonyea kama jicho la mtu anayesinzia, na upande wa ndani ulikuwa na giza ambalo halikuwa sawa mahali pote. Nilikuwa nimechota maji kwa kata tangu nilipoweza kusimama, na sikuwahi kuiona. Sijui niwaelezeje furaha hiyo. Nilirudi nyumbani nikaona mtungi, nikaona kizingiti, nikaona jinsi mguu wa kitanda ulivyo mrefu zaidi ya mwenzake kwa aliyelala sakafuni. Dunia nzima ilikuwa imekaa ikinisubiri niitazame.

Mwalimu Salma ndiye aliyetufundisha kupima. Kila mmoja wetu alikuwa na kijiti. Unanyoosha mkono, hukunji kiwiko, unafumba jicho moja, unashika kijiti mbele ya kitu unachokichora, na kidole gumba kinakuonyesha kichwa chake kinaingia mara ngapi katika mwili wake. Alikuwa akisema macho yafanye kazi kuliko mkono. "Huko nyumbani mnafundishwa kuinamisha macho," alituambia, "na ni heshima. Kwenye somo langu yainueni. Kodoeni." Tulicheka, maana hakuna mtu mzima aliyewahi kutuambia tukodoe. Kisha akatutuma tukachore nyumbani kitu chenye uhai, mradi kiwe kimetulia.

Nilijaribu kuku, akaenda zake. Paka aligeuka kila nilipomaliza sikio. Katika nyumba yetu kilichokuwa na uhai na kikatulia ni Sefu.

Sefu alikuwa mtoto wa Shangazi, Bi Tatu, dada mkubwa wa baba. Mumewe alikuwa kwenye mashamba ya mkonge, naye alirudi kwao kujifungua kama ilivyo desturi, akamaliza arubaini yake na bado akabaki. Nyumba ilikuwa ya wazazi wao, kwa hiyo ilikuwa yake kuliko ilivyokuwa ya mama yangu aliyeolewa pale. Kabla ya Sefu, Shangazi alizaa na kuzika, akazaa na kuzika. Sefu alikuwa na wanja katikati ya paji la uso, hirizi shingoni na nyingine kiunoni. Wageni walimtazama upesi, kama mtu anayechungulia chungu cha jirani, wakasema "Mashallah," kisha wakaongeza kwamba mtoto mwenyewe mbaya huyo, ana pua kama ya babu yake. Nilikuwa nikidhani ni mbaya kweli. Nilikuwa na miaka tisa au kumi, na sikujua kwamba watu wazima humtukana mtoto ili wamlinde.

Alasiri ile alilazwa kwenye mkeka uani, kwenye kivuli cha jiko. Mama alikuwa akikuna nazi. Shangazi alikuwa ndani. Nikachomoa chelewa moja kwenye ufagio, nikakaa mbali kidogo kama tulivyofundishwa, nikanyoosha mkono na kufumba jicho. Nikashangaa: kichwa cha Sefu kiliingia mwilini mwake mara nne tu! Nikadhani nimekosea, nikapima tena, kutoka utosini hadi kidevuni, kutoka kidevuni hadi kitovuni. Mara nne. Nikaona mkunjo wa shingo yake uliojaa poda, nikaona kucha zake ndogo kama magamba ya dagaa, nikaona kumbe hakuwa mbaya hata kidogo. Alikuwa mzuri kupita vyote nilivyowahi kuvitazama. Sikusema mashallah. Nilikuwa kazini.

"Unampima!"

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. Sitaisahau sauti ile. Mama aliacha nazi, akaja mbio.

"Wifi, njoo umwone mwanao! Amechukua kijiti cha ufagio, anampimia Sefu kaburi!"

"Ninamchora, Shangazi," nikasema.

"Kwa jicho moja? Nani anamtazama mtoto kwa jicho moja? Na kijiti cha nini?"

Hapo ndipo ilipokuwa kesi yangu yote, na ili nisimwonee niieleze. Kwetu mtu hupimwa kwa kijiti akishakufa. Anakuja mtu na ubua, anapima maiti toka kichwani hadi miguuni, anakata, na ubua ule ndio wanaokwenda nao wachimba kaburi. Shangazi alikuwa ameuona ubua huo ukikatwa mfupi, na mfupi tena. Naielewa hofu yake. Lakini baba yangu alikuwa fundi cherehani! Alipima watu kutwa, mabega na viuno, wazima na wagonjwa, utepe wa futi haukuondoka shingoni mwake, na hakuna aliyekufa kwa kupimiwa kanzu. Hakuna aliyelitaja hilo, hata yeye mwenyewe.

Alfajiri Sefu aliamka na homa.

Asubuhi wakaniita uani. Shangazi alikuwa na chetezo, na ndani ya makaa alikuwa ametia ubani, chumvi ya mawe na pilipili kavu. Pilipili ikiungua pasiwe na mtu wa kupiga chafya, basi mtoto ana jicho la mtu. Tukasimama tukisubiri chafya. Nilijaribu kupiga chafya kwa makusudi, nikakunja pua, haikuja. Kisha Shangazi akachukua karatasi yangu ya kahawia, yenye Sefu amelala na vichwa vyake vinne, akaikunja na kuitia motoni, wakampitisha mtoto juu ya moshi. Hadi leo nikisikia harufu ya karatasi inayoungua pamoja na ubani naondoka mahali hapo. Watu hudhani sipendi uchafu wa moshi.

Halafu likaja beseni. Aliyelileta ni mama. Akaliweka mbele yangu, akasema polepole, "Nawa uso, mwanangu. Nawa macho vizuri." Nikanawa. Maji niliyonawia macho yangu wakammwagia Sefu ili jicho langu limtoke, mtoto ana homa, asubuhi na upepo wake, akapiga kelele hadi sauti ikakatika. Baba alikuwa amesimama na utepe wake shingoni. Alisema maneno haya tu: "Fanyeni upesi, nina nguo za watu."

Mchana Shangazi alimwita Mwalimu Salma. Alipokuja moyo wangu ulitulia, nikajua sasa ataeleza. Akaketi ukingoni mwa kiti, akaamkia, Shangazi akaitikia marahaba kwa ubaridi.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyemfundisha mwanetu kupima watu?"

Mwalimu alitazama mikono yake. Yule aliyetuambia tukodoe! "Mimi nimewafundisha kuchora kata na mtungi, Bi Tatu," akasema. "Kumpima mtoto sikumfundisha."

Hakunitazama hata mara moja. Alikuwa mgeni mjini, peke yake, angefukuzwa, sawa. Nimejiambia hayo mara nyingi na hayajanisaidia. Jambo moja jema alilifanya: alisema mtoto apelekwe zahanati. Wakampeleka. Akapewa kwinini, akaitapika, akapewa tena, na baada ya siku chache Sefu akawa ananyonya na kurusha miguu.

"Maji yamefanya kazi," alisema Shangazi kwa kila aliyekuja kumpa pole.

Mnaona nilivyofungwa? Kama Sefu angekufa, ningekuwa nimemuua. Amepona, nikawa muuaji aliyewahiwa. Kwinini haikutajwa tena katika nyumba ile.

Toka hapo nikawa mtoto mwenye jicho. Nikiingia jikoni, chungu kinafunikwa. Mja mzito akiniona njiani anageuza tumbo upande wa ukuta. Kwenye harusi nilikalishwa nyuma ya mlango, na sahani yangu ikaletwa huko. Wenzangu shuleni waliniita Chelewa. Mwalimu Salma aliendelea kufundisha kuchora, sasa akichora chungwa ubaoni, nasi tukinakili. Mwishoni mwa mwaka alihamishwa, na hatukuagana.

Yote hayo ningeyasamehe. Watoto huitwa majina mabaya wakakua. Nisichosamehe ni kwamba niliwaamini. Nani angenifundisha nisiwaamini? Nilimtazama jogoo wa jirani, na Ijumaa yake akachinjwa. Alichinjwa kwa sababu walikuja wageni kutoka Saadani, lakini mimi nilijua ni jicho langu. Nilitazama mpapai uliokuwa ukitoa maua, maua yakaanguka. Nilikaa nyuma ya jiko nikafikiri kwa akili zangu zote za kitoto, nikafikia uamuzi: nisiowapenda nitawatazama nikipenda, ila ninaowapenda sitawatazama kamwe. Nikaanza na mama, kwa sababu yeye nilimpenda kuliko wote.

Haikuwa kazi rahisi kuishi na mtu nyumba moja usimtazame usoni. Nilijifunza. Akinipa chakula nilitazama mkono. Akiniita nilikuja nimeinama, na wageni wakamsifu kwamba mwanawe ana haya. Nilimjua kwa miguu yake. Kisigino cha kushoto kilikuwa na ufa uliofunguka kila kiangazi. Kidole cha mwisho cha mguu wa kulia kilikuwa kimempanda mwenziwe. Kando ya dole gumba kulikuwa na kovu jeupe, mahali alipoangukiwa na mbuzi ya kukunia nazi, na kwenye kucha hina iliyokuwa ikifia, inabaki mstari mwekundu mwembamba kama wino. Nilijua amechoka au amefurahi kwa jinsi alivyoweka nyayo. Akiwa na hasira na Shangazi, asiyoweza kuitoa mdomoni, vidole vyake vilijikunja juu ya sakafu.

"Niangalie, mwanangu," alikuwa akiniambia.

Nilitazama miguu.

"Mwanaidi. Niangalie."

Nilisema, "Naam, Mama," na nikatazama miguu.

Siku moja alikuwa akinisuka. Nilikaa kati ya magoti yake, mgongo kwake, na hapo nilistarehe kwa sababu hakukuwa na hatari. Akasuka msuko mmoja, kisha akasema juu ya kichwa changu, "Najua hujanisamehe lile beseni." Akaanza msuko mwingine. "Ningefanya nini? Nyumba si yangu, na baba yako hasemi. Ningelikataa wangekufanyia wao kwa mikono yao. Nikaona bora yangu."

"Sina kitu na wewe, Mama," nikasema.

"Basi mbona hunitazami?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Nakulinda. Nakuweka hai. Lakini nilihofu kwamba nikilitamka siri itaharibika, kama dawa inavyoharibika ikifunuliwa. Nikasema kichwa kinaniuma. Aliacha kusuka kidogo, mkono wake ukakaa utosini mwangu, halafu akaendelea. Hakuniuliza tena.

Nilikuwa nimeshavunja ungo, wanazungumza habari za kuniposa, mama alipougua. Tumbo, homa, siku chache. Nililala chini kando ya kitanda chake na sikuinua macho, nilijibana kuliko nilivyowahi kujibana, hata aliponiita kwa sauti ambayo ilikuwa imebaki kidogo sana. Sikumtazama, wallahi sikumtazama. Na akafa.

Akaja mtu na ubua, akampima.

Nikauona kwa macho yangu ule ubua ukikatwa, na hapo akili ikanifunguka, imechelewa. Sikuwa na jicho. Sikuwahi kuwa nalo. Nilikuwa mtoto aliyetumwa kazi ya shule. Nilitaka kupiga kelele, na kwenye msiba unaruhusiwa kulia tu. Walipomaliza kumwosha na kumvika, kabla hawajamfunika, Shangazi alinishika bega. Alikuwa amelia hadi macho yamevimba. Akasema kwa upole, na nadhani alidhani ananifanyia hisani:

"Njoo umtazame mama yako. Sasa huwezi kumdhuru."

Nikatazama. Kidevu kilikuwa kimefungwa kitambaa, pamba puani, ngozi imevutwa na rangi imekwenda. Huo haukuwa uso wa mtu. Mama hakuwahi kupigwa picha, na katika nyumba nzima aliyekuwa na jicho la kuchora ni mimi. Ningeweza kuwa nao hadi leo, uso ule, alivyocheka, alivyokunja nyusi akipepeta mchele. Wakaninyang'anya kwa beseni la maji, wakampeleka kaburini akiamini mwanawe alimchukia.

Sefu yuko. Ni babu mwenye kitambi, ana duka la vifaa vya ujenzi, kila Idd huniletea samaki na mchele. Akija namkodolea macho toka utosini hadi miguuni, kwa makusudi, bila mashallah, mpaka anauliza kama ana kitu usoni. Hajapata hata mafua.

Haya yote nilimwambia Rehema juzi, naye amepiga magoti na kalamu yake aliyoitoa chini ya kabati. Hakusema pole, nikamshukuru kwa hilo. Alinisogezea karatasi. "Mchore, Bibi."

Mkono wangu una baridi yabisi, na mkaa wa kifuu sijaugusa tena tangu utotoni. Lakini miguu ilikuja yenyewe. Ufa wa kisigino, kidole kilichompanda mwenziwe, kovu, mstari wa hina. Nilipomaliza vidole vilikuwa vimejikunja, nami sikukusudia. Rehema akaitazama muda mrefu.

"Na uso, Bibi?"

Nikageuza karatasi chini, kama Mwalimu Salma alivyofanya siku ya kata. Nikaondoa ungo mapajani, nikavua mtandio, nikakaa sawa kwenye mwanga.

"Chukua kalamu," nikamwambia. "Nyoosha mkono, usikunje kiwiko. Fumba jicho moja. Niangalie, mwanangu. Niangalie mpaka ushibe, na atakayekuja na beseni hapa nitammwagia mwenyewe."